Baba, Zilichipua Tisini na Sita

Moi's Bridge,
mwezi wa nane

Baba,

Nimechoka. Ulitufundisha kwamba barua huanza kwa salamu na kuuliza hali, lakini hali yako naijua, na yangu nimeshaitaja. Nimekaa jikoni kwa Mama, saa tisa mchana, mvua inapiga mabati, naye amejilaza kidogo chumbani. Ndung'u mdogo wangu yuko dukani Eldoret peke yake leo. Nimemdanganya kwamba nina homa. Sina homa. Nina maneno yaliyonikaa kifuani tangu mwezi wa pili, na kila nikijaribu kukuambia kimoyomoyo naona kama unanikatiza katikati, ndiyo tabia yako. Kwenye karatasi huwezi.

Habari za duka kwanza, maana najua ndizo ungeuliza kabla hata ya kuvua kofia. Duka lipo. Kibao kiko juu ya mlango, "Njoroge na Watoto", ingawa rangi imeanza kubanduka. Kila nikikitazama namkumbuka yule fundi aliyetaka kuandika "and Sons" kama kwa Wahindi, ukamwambia mtoto wako wa kwanza ni msichana, aandike Watoto au ashuke kwenye ngazi. Kiti chako cha kamba bado kiko pale mlangoni na hakuna anayekikalia isipokuwa paka. Picha ya Rais bado imepinda juu ya mizani, kwa sababu wewe peke yako ndiye uliyekuwa na ujasiri wa kupanda juu kuinyoosha. Wateja wa mbali ambao hawakupata habari bado wanaingia na kuuliza, "Mzee yuko?" Inabidi nikuzike tena pale pale kaunta, halafu nipime mbolea.

Lakini si habari za duka zilizonikalisha hapa. Ni ile mbegu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukipima? Mimi nakumbuka tangu kabla sijajua kusoma. Ulijifunza kwenye shamba la mzungu kule Turbo, ulikozaliwa na kufukuza ndege kwenye mahindi ya watu wengine pamoja na Kirwa wa Chepsaita, nyote mkiwa na shati moja moja. Kila mzigo wa mbegu ulipoletwa stoo, ulikuwa ukichota kutoka chini ya mfuko, si juu, ukihesabu mbegu mia moja, ukizipanga kwenye gunia lililolowa, ukilikunja kama mkeka na kulisukuma chini ya kitanda chako. Siku ya saba ulilikunjua mbele yetu sote. Zikichipua chini ya tisini, mzigo mzima ulirudi kwa kampuni kwa lori, hata kama wateja wamejaa hadi barabarani. Siku moja nilihesabu tisini na nane nikasema ni mia, kwa uvivu tu. Ulihesabu tena, hukunipiga, ulinitazama tu ukasema, "Maitu, na wewe?" Uliniita hivyo, yaani mama yangu kwa lugha ya nyumbani, kwa kuwa nilipewa jina la mama yako. Ningependelea kiboko.

Na mwaka ule wa mahindi ya njano ya msaada, watu walipokuwa na njaa hadi wakataka kula mbegu iliyotiwa dawa, ulikuwa ukimuuliza kila mtu, "Unapanda au unapika?" Anayenyamaza hukumuuzia. Ulimfungia unga wa nyumbani kwetu, na Mama alikununia kwa wiki nzima. Nilidhani wakati ule kwamba wewe ni mkaidi tu. Labda ulikuwa mkaidi pia.

Sasa nikuambie.

Jumatatu ile uliyoenda hospitali ulikuwa umeshatega mbegu zako. Mzigo wa msimu ulikuwa umefika stoo hapa shambani, na ulichota mia yako kama kawaida, ukalisukuma gunia chini ya kitanda, halafu ukasema kifua kinakubana. Alhamisi hukuwepo tena. Watu walianza kuja jioni ile ile. Wengi, Baba. Sikujua kama ulikuwa na watu wengi hivyo. Kutoka Turbo, kutoka Chepsaita, kutoka sokoni Eldoret, hata Abdi, anayetubebea mizigo, alikuja na lori lake limejaa kuni na sukari, akakaa mpaka tulipokuzika.

Na upepo ulikuja. Unaujua upepo wa mwezi wa pili huku, na shamba lilikuwa limelimwa tayari. Vumbi jekundu liliingia kwenye macho, kwenye chai, kwenye wali. Siku ya pili ya matanga nilimwona mzee mmoja akitafuna polepole, halafu akageuka pembeni akatema mchanga kwenye kiganja chake kwa adabu. Sikuweza kuvumilia. Nilisema moyoni, hawatakwenda makwao waseme kwa Njoroge tulilishwa mchanga. Akina mama walikuwa wameniuliza kama kuna mahali pa kupikia penye ukuta. Ufunguo wa stoo ulikuwa wako, na ulipoenda hospitali uliuweka mkononi mwangu, si mwa Ndung'u. Mimi ndiye niliyefungua kufuli.

Walipika humo kuanzia Ijumaa mpaka siku ya kukuzika, Jumatano. Meko manne, masufuria yale makubwa ya kanisa, kuni zikiwaka mchana na usiku, mvuke umejaa hadi mabati yanatiririka maji. Mifuko ya mbegu waliisogeza wakaipanga kuzunguka moto ikawa kinga ya upepo, na mingine ikawa viti. Niliona. Nilipita pale mara ishirini kwa siku nimebeba sahani. Hata mara moja haikunijia akilini kwamba ile ni mbegu, ni kitu kilicho hai. Niliona mifuko tu. Chakula kilikuwa safi na watu walikisifu.

Siku iliyofuata mazishi niliingia chumbani kwenu kufagia, nikalikuta gunia. Lilikuwa limelowa. Nilishtuka, maana lingekuwa limekauka kitambo. Kumbe Mama, katikati ya vilio vyote vile, alikuwa akiinama kila asubuhi na kulinyunyizia maji, kwa sababu ulimwambia kitandani hospitalini asilisahau. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yako ya mwisho kwake, na hakumwambia mtu. Nililikunjua sakafuni. Machipukizi yalikuwa marefu, meupe, mizizi imejisuka kwenye nyuzi za gunia. Nilihesabu mara mbili. Tisini na sita. Nililia kuliko nilivyolia kaburini, halafu nikatoka mbio kumwambia Ndung'u, "Imepita! Baba ameshapima, imepita!"

Hapo ndipo kosa letu lilipokamilika. Hatukupima tena. Nani angepima baada yako? Ingekuwa kama kukutilia shaka. Tuliibeba mbegu ile hadi dukani na kila aliyeuliza tulimwambia kwa kifua mbele kwamba Mzee mwenyewe aliipima kabla ya kuondoka. Watu walinunua kwa sababu hiyo. Wengine walishika mfuko kwa mikono miwili. Walionunua wote walikuwa wa Chepsaita, walikuja pamoja, nyumba kumi na moja, wakachukua mifuko ya kutosha mashamba yao yote.

Wiki ya pili ya mwezi wa nne, Mzee Kirwa aliingia dukani. Hakukaa. Alifungua kitambaa chake juu ya kaunta, na ndani kulikuwa na mbegu zetu alizofukua, zimevimba, laini, zinanuka. Alisema, "Wambui, hii mbegu imelala. Imelala mpaka imeoza. Mvua iko, wiki mbili, lakini hakuna kitu." Hakupandisha sauti. Alisema shamba lake ni vivyo hivyo, na la jirani, na la jirani wa jirani. Halafu akasema, "Mimi nimewaambia wangoje kwanza. Lakini maneno yameanza." Nilijua ni maneno gani. Ulitufundisha mapema kwamba sisi huku tuna miaka mingi lakini bado tunaulizwa tulitoka wapi. Ikisemwa kwamba Njoroge na watoto wake wamewauzia wenyeji mbegu mfu, haitaishia kwenye mbegu.

Ndung'u alinivuta nyuma ya duka. Usimkasirikie, Baba, alikuwa na hofu. Alisema, "Sema ni kampuni. Kampuni ni kubwa, haisikii uchungu. Baba alipima, si ulihesabu wewe mwenyewe? Nani atajua?" Na hapo ndipo nilipoelewa. Kwa sababu nilikuwa nimehesabu mimi mwenyewe. Zilichipua tisini na sita. Kampuni ilituletea mbegu nzima. Ilikuwa nzima Jumatatu uliyoichota, na ikafa kabla ya mwezi wa tatu, na katikati hakukuwa na kitu kingine isipokuwa matanga yako, joto na mvuke wa masufuria yale, na ufunguo wangu.

Nilichota mia kutoka kwenye mifuko iliyobaki. Nililala juu ya gunia lile siku saba, nikijua jibu. Zilichipua kumi na tisa.

Nilimwambia Mama jikoni hapa hapa nilipokaa. Nilitaka anikaripie. Alikuwa anachambua maharagwe, akaendelea kuchambua, halafu akasema, "Na wewe ulikuwa unatulisha." Basi. Akaenda chumbani, akapiga magoti, akaanza kuvuta mifuko yetu wenyewe ya mbegu kutoka chini ya kitanda, ile uliyokuwa ukiiweka kwenye baridi kila mwaka kwa ajili ya shamba letu, ambalo kwa msiba tulikuwa hatujalipanda. Mifuko kumi na sita. Haikuwa imeonja moshi. Ndung'u alisema kwa sauti ya kilio kwamba sisi tutapanda nini, maana kampuni ilikuwa imekwisha kuishiwa na mbegu Eldoret yote hadi Kitale. Mama alikuwa anahema, mfuko mmoja umekwama kwenye mguu wa kitanda, na Ndung'u mwenyewe akainama akaukwamua.

Nilikuwa nimepanga kuwakusanya wote kwa Mzee Kirwa, niseme mara moja, nimalize. Alikataa. Chifu hataki watu wazidi watano mahali pamoja bila kibali, alisema, na kibali ni wiki mbili, na wakiona mkutano watauliza ni siasa gani. Kwa hiyo ilibidi tuende nyumba kwa nyumba. Sijui kama unaelewa, Baba, maana yake ni kwamba nililazimika kusema maneno yale yale mara kumi na moja. Mbegu mliyonunua kwetu imekufa. Si kampuni. Ilikufa kwetu, kwenye matanga ya Baba. Tulipika ndani ya stoo na mimi ndiye niliyefungua.

Nyumba ya kwanza mwanamke alicheka, alidhani ni mzaha. Nyumba ya tatu mwenye boma aliniambia, "Kwa hivyo mzee wenu ameenda na shamba langu," akachukua mfuko akafunga lango. Alikuwa na haki. Nyumba ya tano walitukalisha, wakatupa maziwa, wakasema pole kwa msiba kabla sijafungua kinywa, na hiyo iliniumiza kuliko lile lango. Ndung'u aliendesha pikapu, na kila lango alibaki kwenye usukani. Nyumba ya saba nilisimama mbele ya wazee wawili, nikasema "mbegu mliyonunua", na sauti ikakatika. Haikurudi. Nilikuwa nimesimama nimefungua mdomo kama samaki. Ndipo nikasikia mlango wa pikapu, na Ndung'u akaja akasimama kando yangu, akavua kofia. Akasema, "Sisi ndio tuliiharibu. Wote wawili." Alisema hivyo nyumba zote nne zilizobaki, na mimi nilikuwa nikishusha mifuko.

Haikutosha. Ulijua haitatosha, ungekuwa umeshapiga hesabu kabla hatujawasha gari. Watu walipanda nusu ya mashamba yao, tena wakiwa wamechelewa. Mzee Kirwa alikataa mfuko wake. Alisema wapewe wenye watoto wadogo, yeye atapanda wimbi, yaani ulezi, kama baba yake.

Na sisi pia tulipanda wimbi, Baba, na maharagwe. Kwa mara ya kwanza tangu uchukue shamba hili, halina mahindi. Watu wanaopita barabarani wanasimama kwenye uzio wanaangalia, halafu wanaangalia nyumba, kama mtu aliyekosea njia. Wale wa Chepsaita, wengine wamerudi dukani kununua mbolea, wengine wanapita upande wa pili wa barabara na hawatusalimii. Sijui watakuja mwezi wa tatu au hawatakuja. Ndung'u alikuwa ameanza kuzungumzia duka la pili hapa Moi's Bridge, lile mliloota naye. Halizungumzii tena. Naye amekonda. Kuna asubuhi tunafungua duka, tunaketi, yeye huku na mimi kule, na hakuna anayeingia hadi saa tano, na ninakukasirikia. Ndiyo, wewe. Kwa nini uliuweka ufunguo kwangu bila kusema kitu? Neno moja tu. "Usifungue." Lakini nani anaenda hospitali akifikiria mazishi yake yatapikiwa wapi?

Kuna jambo moja tu nililofanya ambalo ungelikubali. Hukuzitupa hata siku moja zile mbegu za kupima. Ulikuwa ukizipanda nyuma ya jiko, mistari yako iliyonyooka kama ya mwanafunzi, na kutukataza kukanyaga. Basi zile tisini na sita, siku ile nilipozihesabu, nilizipanda pale pale. Kulikuwa na kiangazi kikavu, lakini Mama alizimwagilia maji ya kuoshea vyombo asubuhi na jioni, na nilimsikia mara moja akizisemesha. Mbuzi wa jirani aliingia akala mistari miwili. Zilizobaki zilisimama. Ndiyo mahindi pekee yaliyoota kwenye ardhi yetu mwaka huu, na yalikuwa marefu hadi kwenye mabati ya jiko.

Mwezi uliopita yalikuwa tayari kuchomwa. Nilizunguka yale mahindi siku tatu. Nilitaka kuacha hata hindi moja likauke, niliweke. Lakini wewe ndiye uliyewaambia wateja miaka yote hiyo kwamba mbegu hii ya haibridi hairudiwi, ukiipanda mara ya pili itakuaibisha mbele ya majirani. Haiwekwi. Ni kula tu. Nilimwambia Mama, akasema nami najua, washa moto.

Mzee Kirwa alikuwa amekuja kuona kaburi lako siku hiyo. Alikuwa amepita shambani akaona wimbi letu mahali pa mahindi. Tulikaa nje, Mama, yeye, Ndung'u na mimi, tukachoma, tukala. Yalikuwa matamu, Baba. Nilitafuna nikiwa ninalia na wote walijifanya hawanioni. Tulikula yote, hatukubakisha hata punje. Mzee Kirwa alipoinuka alipangusa mikono, akaniambia, "Mwaka ujao nitakuja kwenu. Lakini ile mia nitahesabu mimi." Nikamwambia aje. Sijapata usingizi mzuri kama wa siku ile tangu ulipoondoka.

Mama ameamka, namsikia anatafuta viatu. Acha nimalize.

Mzigo mpya ukifika nitapima siku utakapoingia, na nitapima tena kabla haujatoka. Atahesabu Kirwa, na Ndung'u atahesabu baada yake, na mimi wa mwisho, kwa kuwa mimi najijua. Gunia nitaliweka chini ya kitanda cha Mama, upande wako. Ufunguo ninao shingoni, na hakuna moto utakaoingia stoo ile nikiwa hai. Na nisipokuwa hai, nimeshamwambia Ndung'u, na ameniapia: siku ya matanga yangu wapike nje. Upepo ukija, uje. Acha wale vumbi.

Pumzika, Baba.

Mimi, Maitu wako,
Wambui